Barua kwa mwanangu: sanduku la maji

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa jikoni na dada yako tukichambua maharage ya makande. Umeuliza swali moja. Ninyi wazawa wa hapa mlioko Dar mmechanga fedha za kuezeka boma la zahanati, sasa mzitume kwenye akaunti ya kijiji au mumlipe fundi moja kwa moja kwenye simu yake? Hilo halina mjadala. Akaunti ya kijiji, mpewe stakabadhi, na kabla hamjatuma hata shilingi, mtendaji wa kijiji awaandikie barua kuthibitisha kwamba boma lile limo kwenye mpango wa mwaka. Bati zikishakaa juu bado kuna choo, maji, nyumba ya mganga, na mganga mwenyewe. Fundi msimtumie kitu. Hilo nimelijibu.

Kilichonikosesha usingizi ni maneno uliyoyapitia mbiombio katikati: "na mimi ndiyo wamenichagua mweka hazina." Umeyasema kama mtu anayesema amenunua ndala.

Boma lenyewe unalijua. Serikali ilisema mwaka 2007 kwamba kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, nasi tukaambiwa tupandishe kuta hadi lenta, yaliyobaki tutasaidiwa. Mawe tuliyatoa mtoni, mengine umebeba wewe mwenyewe kichwani wakati wa likizo ukinuna. Lenta tulifika. Tangu hapo wagonjwa wa zahanati ile ni mbuzi wa jirani yetu wa juu, wanalala humo mvua ikinyesha. Kwa hiyo sisemi mnachofanya ni kibaya. Ni kizuri, na mmechelewa, lakini ni kizuri.

Ila fedha si mawe. Jiwe ukilibeba, kila mtu anaona umelibeba.

Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, unaukumbuka. Jumatano, kwa sababu Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi Wasabato hawashiki jembe, Jumapili ni sisi Walutheri, na Jumatatu na Alhamisi ni soko. Wakati wa kuchimba mtaro wa maji kila kaya ilipimiwa kipande chake kwa kamba, kina cha kufika kiunoni. Baba yako alikuwa Mererani kwenye mashimo ya tanzanite ya watu, kwa hiyo kipande chetu nilikichimba mimi, na wewe ukanifuata baada ya shule kutoa udongo kwa sufuria iliyotoboka. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama tumetimiza. Kipande kilikuwa pale, kimekaa wazi kama meno. Ambaye hakuchimba, mtaro ulifika kwake ukasimama, na kijiji kizima kikasimama naye kikimtazama.

Hata ndiva ya babu yako, lile bwawa la kumwagilia mashamba, ilikwenda hivyo hivyo. Usiku maji yanajaa, alfajiri yanafunguliwa, kila mtu ana zamu yake. Ukiiba maji, shamba lako litakusema: limelowa na zamu si yako. Wakati wa kutoa tope, asiyefika alitozwa faini, na kwa wazee faini yenyewe ilikuwa dengelua, pombe ya miwa, ndiyo maana walipenda sana watu wasifike. Mambo yote yalikuwa machoni. Pesa ndiyo imetuletea kitu kisichoonekana.

Utasema mama ameanza. Nimeanza. Sanduku la watu halikai na ufunguo mmoja. Umelisikia neno hilo tangu ukiwa mdogo, umelisikia kwenye harusi ya dada yako nilipowakatalia kamati kumwachia mtu mmoja michango, ukanikanyaga mguu chini ya meza. Lakini sijawahi kukueleza nimelitoa wapi. Ulidhani ni ukali tu.

Maji yalipofika mwaka 2005 ulikuwa darasa la nne. Ni maji ya mserereko, hayana mashine, yanakingwa kwenye banio kule msituni, yanashuka yenyewe hadi kwenye tangi. Siku ya kwanza koki ilikohoa, ikatoa hewa, ikatoa tope, ikanyamaza, watu wakaanza kuondoka, ndipo yakaja meupe. Nyanya yako akakinga kiganja, akaonja, akasema, "Haya yamepita gerezani, yamekonda." Nilicheka hadi nikakaa chini. Mpaka leo nikifungua koki asubuhi namsikia.

Mimi nilikulia kwenye maneno ya "maji ni bure". Serikali ya Mwalimu ilianza mwaka 1971 mpango wa miaka 20 kwamba kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka ikaisha, mabomba yakaoza, sera zikabadilika, tukaambiwa lazima kuchangia, na lazima kuwe na kamati yenye wanawake. Wakanichagua mweka hazina kwa sababu najua kuandika vizuri na kwa sababu, alivyosema mwenyekiti wa wakati ule, "huyu hanywi". Ndoo ilikuwa shilingi 20. Benki iko Same mjini, gari ni moja, linashuka alfajiri na kurudi usiku, na nauli ya kwenda kuziweka ingekula mapato ya wiki. Kwa hiyo fedha za kijiji zikakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, kufuli moja, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge.

Mwaka uliofuata ndio ule wa ukame, mahindi yalipokauka tukala ndizi mbichi hadi tukazichukia. Usiku mmoja wakanigongea wanawake wanne. Mke wa jirani wa bondeni alikuwa na uchungu tangu jana yake na sasa anatoka damu. Mwenye pikapu alikuwa amekwisha kuamshwa, naye amesema hawashi gari bila elfu arobaini mkononi, maana mara ya mwisho alimshusha mgonjwa hadi hospitali na hajalipwa hadi leo. Simlaumu sana. Wale wanawake hawakuniomba mkopo. Walisimama mlangoni wakatazama chumba changu cha kulala. Kila mtu alijua fedha ziko wapi.

Sandukuni kulikuwa na shilingi 61,400. Nikatoa 40,000. Saa nane usiku pikapu ikashuka. Mama alipona, mtoto alipona.

Hapa ndipo pananichoma, na hapa usikimbie. Sikuandika. Daftari lilikuwa pale pale juu ya sanduku na kalamu ndani yake, na sikuandika usiku ule, wala kesho yake. Nilijiambia mume wake ataleta fedha wiki hiyo hiyo, nitazirudisha, hakuna mtu atakayehitaji kujua kwamba nilifungua. Nimeandika siku ya tisa, alipopita njiani akanisalimia vizuri na akaenda zake.

Mkutano mkuu ulifanyika chini ya mparachichi wa shule. Aliyesimama ni baba yako mdogo, Mungu amrehemu. "Shemeji, tunaomba utusomee salio." Nikasoma. Wakahesabu. Nikasema elfu arobaini ilikwenda kwenye gari la mgonjwa. "Mgonjwa gani?"

Nikamtafuta mume wa yule mama. Alikuwa amekaa mbele kabisa, anachora ardhi na kijiti. Nikawatafuta wale wanne, wote walikuwapo, mmoja ananyonyesha. Hakuna aliyesema neno. Na mimi, mwanangu, ningesema nini? Mambo ya uzazi ya mke wa mtu niyataje mbele ya wanaume na watoto wa shule? Nikasema, "Mgonjwa tu." Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka wanatosha, na ninaweza kukutajia kila mmoja na alikokuwa amekaa.

Nimekuwa nikiwatetea wale wanawake kwa miaka. Labda waliona nikimtaja mimi ni sawa, wakisema wao ni umbeya. Labda waliogopa wataambiwa wachange kulipa. Labda kila mmoja alimngoja mwenzake. Naye yule mwanaume, hakuwa nayo. Mtu asiye na kitu mfukoni hapendi kusimama mkutanoni kusema nadaiwa. Hayo yote nayajua. Halafu nikiwa peke yangu shambani nayasahau yote, nabaki na kile kijiti kinachochora ardhi.

Nilipewa wiki moja. Mbuzi wako mweupe, yule uliyemlilia siku mbili, sikumuuza kwa ajili ya sare za shule. Nilikudanganya. Alitoa elfu ishirini na tano, nyingine nikaongeza kwa gunia la tangawizi lililokuwa bado halijakomaa vizuri. Baba yako aliporudi Krismasi sikumwambia, akajua kutoka kwa ndugu yake, na ndiyo sababu ya ile Krismasi waliyokaa hawasemeshani. Wewe ulidhani wamegombania mpaka wa shamba.

Kichekesho ni kwamba hawakunitoa kwenye kamati. Niliporudisha fedha nikaleta na hoja: makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, kila mmoja kitongoji chake. Wakaniambia makufuli matatu ni ghali kuliko kilichomo ndani. Siku hizi kila kikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kina sanduku la makufuli matatu na wanaona ni jambo la kisasa.

Lakini sikiliza. Makufuli matatu yangekuwapo usiku ule, yule mama angekufa. Mwenye ufunguo wa pili angekuwa ng'ambo ya korongo, wa tatu labda kalala kwa mke mdogo, na hadi wapatikane pamekucha. Nasema sanduku la watu halikai na ufunguo mmoja, na nilichokifanya cha maana kuliko vyote katika kijiji hiki nilikifanya kwa sababu lilikuwa na ufunguo mmoja. Nimejaribu kulipatanisha hili nikilima, nikipika, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri marefu. Halipatani. Nikisema afadhali ningekataa kuushika ule ufunguo, namwona yule mtoto. Nikisema afadhali niliushika, nasikia kile kicheko.

Sasa wewe. Simu yako ndiyo sanduku, namba yako ya siri ndiyo ufunguo. Mko wangapi kwenye kundi hilo, arobaini? Kila mmoja anajua uko Tabata, anajua mumeo amenunua gari mwaka huu. Siku bati zikichelewa wiki mbili hawatauliza bati, watauliza gari. Na siku mmoja wenu akiuguliwa na mtoto usiku, atakupigia wewe, kwa sababu anajua fedha ziko wapi.

Huenda unataka niseme ukubali au ukatae. Sisemi. Hapo juu utaona mstari nimeukata kwa kalamu mara tatu, nilikuwa nimeshasema. Umekwisha kuwa mtu mzima na umekwisha kuchaguliwa, na najua wamekuchagua kwa nini, maana ndivyo walivyonichagua mimi. Ila kama utakubali, na nahisi umeshakubali ndiyo maana hukuuliza, basi ifunguliwe akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Au wawili. Angalau wawili. Wawili wanaoishi karibu.

Kamati yetu siku hizi haipo. Tangu ilipoanzishwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019 tumeunganishwa na vijiji vingine kwenye chombo kimoja cha watumia maji, na malipo tunafanya kwa simu. Sanduku nimebaki nalo, naweka mbegu za maharage. Daftari nimelifunga kwenye gazeti, nimelitia kwenye mfuko wa tangawizi unaokuja na basi la kesho. Lisome lote, ujionee ndoo za shilingi ishirini ishirini, ukurasa baada ya ukurasa. Mstari nilioandika siku ya tisa utaujua, wino wake ni wa kijani, kalamu yako ya shule. Tangawizi zianike, zimenyeshewa kidogo.

Dada yako anakusalimu. Bibi wa pili anauliza kama wajukuu wameanza kujua Kipare, nimemwambia bado, amenuna.

Mzigo huu anaushusha stendi kwa bodaboda yule kijana wa bondeni, aliyezaliwa usiku ule. Sijui mama yake alimwambia nini, au kama alimwambia chochote. Tangu aanze kuendesha hajawahi kunitoza nauli, na sasa hivi nimemnyooshea elfu mbili ya mzigo, amekataa tena.

Mama yako