Ukosefu wa ajira mtaani: tuanze na mkopo au na daftari?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa mmoja pembezoni mwa mji wa Morogoro. Vijana wetu wanashinda kijiweni, lakini ofisa aliyetutembelea alisema kwamba kitakwimu wengi wao wana kazi. Wazee wanaamini dawa ni viwanda kurudi, ilhali vijana wanataka mkopo wa halmashauri wanunue bodaboda. Tuanze wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ofisa huyo hakuwadanganya. Kwa kipimo cha kimataifa kilichopitishwa mwaka 1982, mtu aliyefanya kazi ya kipato japo kwa saa 1 katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa ana ajira, hivyo kijana aliyepata kibarua cha kushusha matofali Jumatatu, kisha akakaa kijiweni hadi Jumapili, hamo katika idadi ya wasio na ajira. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha nchi na nchi. Kwa mtaa hakitoshi. Ninyi msiulize "una kazi?", bali "wiki iliyopita ulifanya kazi siku ngapi, ulilipwa kiasi gani, na siku ulizokosa ulikosa kwa nini?" Daftari moja linatosha, na anayeuliza awe kijana wa hapohapo kijiweni, si mjumbe mwenye mhuri.

Majibu ya swali la mwisho ndiyo yatakayotenganisha shida tunazoziita kwa jina moja. Anayesubiri msimu wa viwanda vya tumbaku ufunguliwe anahitaji shughuli ya kujazia miezi mitupu. Fundi wa kuchomelea aliyejifunzia gereji kwa miaka minane, kisha akakataliwa kwa kukosa cheti, hahitaji mafunzo wala mkopo. Anahitaji kupimwa katika mpango wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Naye mama asiye na wa kumwachia mtoto, hata kazi ikiletwa mlangoni, hataweza kuipokea.

Wazee wana haki ya kuvikumbuka viwanda, ila wakumbuke pia kile cha viatu mjini kwenu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kisichowahi kukaribia uwezo wake wa uzalishaji.

Mkopo wa halmashauri ombeni, kwa kuwa umetengwa kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Wasiwasi wangu uko kwenye bodaboda. Kabla ya kujaza fomu, nendeni stendi kati ya saa nne na saa sita asubuhi mkahesabu pikipiki zilizoegeshwa, waendeshaji wamelala juu ya tangi wakisubiri abiria. Mkiongeza kumi, nauli ni zilezile, wagawanaji ndio wameongezeka. Afadhali muulize mtaa wenu unanunua nini kutoka nje: mageti, madirisha, sare, madawati ya shule. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga sehemu ya zabuni kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na kikundi cha wachomeleaji watano waliosajiliwa kinaweza kuiomba.

Daftari likikamilika, lisomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla kikundi chochote hakijaundwa. Someni idadi na sababu tu. Majina ya watu yabaki ndani ya daftari.