Mandari ya sekunde 90: kwako unayeanza kutengeneza katuni

Ukipewa kazi ya katuni fupi ya sikukuu, wazo la mandari inayoharibika halichelewi kukujia, na litaonekana jepesi: familia, kitambaa chini ya mti, kikapu, kisha sisimizi, mvua na keki chini. Mimi nililipokea hivyohivyo. Nikapanga mikasa saba ndani ya sekunde 90. Tulipomwonyesha mtu wa nje, alitazama mpaka mwisho bila kucheka, kisha akauliza, "Kwani hawa walikuwa wanataka nini?"

Anza na swali hilo. Mandari haiharibiki mpaka mtazamaji ajue ilitakiwa iweje. Toa sekunde 10, hata 15, za mama akinyoosha kona za kitambaa na kurudisha kijiko kilichokaa upande. Tukishaona jinsi anavyoitaka siku hii itulie, sisimizi mmoja anatosha kututia wasiwasi. Baada ya hapo, kila mkasa uzaliwe na jitihada za kuuzuia uliotangulia: anampuliza sisimizi, leso inapeperuka, anaikimbilia, anakanyaga kona ya kitambaa. Mvua inayoshuka ghafla tu ni dalili kwamba mwandishi ameishiwa. Labda wingu liwe limeonekana tangu picha ya kwanza na kila mtu amelikaushia, hapo nitacheka.

Na sikukuu yenyewe ifanye kazi. Ondoa mapambo na zawadi kwenye hadithi yako. Kama inasimama vilevile, basi umeibandika sikukuu juu. Utepe wa zawadi ulionasa kwenye mpini wa kikapu unasaidia kuliko taa mia zilizotundikwa nyuma.

Usikimbilie kuchora. Tengeneza animatiki kwanza, yaani michoro ya storibodi (hadithi iliyochorwa tukio kwa tukio) iliyopangwa kwa muda wake halisi pamoja na sauti za kubahatisha, hata za mdomo wako. Kichekesho kinakufa au kuishi hapo. Kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 moja moja, kikapu kinachoning'inia kwa fremu 12 kabla ya kuanguka kimempa mtazamaji nusu sekunde ya kuogopa. Ukikiangusha papo hapo, ameona ajali tu.

Sasa vitu. Mandari imejaa vile vinavyotesa wahuishaji: nguo, nyasi, vimiminika na kundi la wadudu. Kitambaa cha miraba kinapendeza sana, lakini ukichora kwa mkono, kila mraba utauchora upya kila kinapokunjika. Hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, sekunde 90 ni michoro 1,080. Chagua kitambaa cha rangi moja. Katika 3D miraba haikusumbui, ila mikunjo yenyewe itakutoa jasho. Juisi inayomwagika si lazima ionekane ikimwagika: sikilizisha gilasi ikianguka, tuonyeshe uso wa babu, kisha doa. Sisimizi mtengeneze mmoja, umnakili, halafu kila nakala ianze mwendo kwa fremu tofauti. Usipofanya hivyo watatembea kama gwaride.

Kuhusu programu sina mengi. Blender ni ya bure na inatosha.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Filamu nyingine unaweza kuomba wiki moja zaidi. Sikukuu haikusubiri, na siku inayofuata hakuna anayeitaka. Piga hesabu ya kurenda mapema, yaani muda wa kompyuta kutoa picha za mwisho: sekunde 90 ni fremu 2,160. Fremu moja ikichukua dakika 5, hizo ni saa 180, siku saba na nusu za kompyuta moja isiyopumzika. Hapo bado hujagundua kwamba kofia ya mtoto inapenya kichwani kwenye shoti ya tisa na inabidi urudie. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi, na uache nafasi ya kurenda baadhi ya shoti mara mbili.

Mikasa yangu saba hatimaye ilibaki mitatu. Keki tuliiacha ukingoni mwa meza tangu mwanzo na hatukuiangusha kabisa. Yule mtu wa nje alipoitazama tena, alicheka pale mama alipoisogeza katikati, taratibu, kwa kidole kimoja.