Nia ya mshtakiwa utaitafuta wapi? Kwa mawakili wapya wa kesi za mauaji

Wakili unayeanza, acha kuhangaika na kwa nini mteja aliua. Wivu, mpaka wa shamba, deni: hizo ni sababu, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kwa kawaida haina shida nazo. Inataka kujua kama kulikuwa na nia ovu, na kifungu cha 200 kimeipanua kuliko wengi wanavyodhani. Aliyekusudia kumjeruhi mtu vibaya tu, mtu akafa, naye kaingia humo. "Sikutaka afe" peke yake haimwokoi.

Kwa hiyo anza na ripoti ya uchunguzi wa maiti kabla ya maelezo ya onyo, yaani yale mteja aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa. Katika Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema mshambuliaji kwa kawaida hatangazi nia yake, ikataja ya kutazamwa: silaha na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo (hata moja laweza kutosha), aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada. Panga la shingoni ni kesi moja. Ngumi ya kilabuni, marehemu akaanguka na kichwa kikagonga jiwe, kisha aliyempiga akambeba hadi zahanati, ni kesi nyingine kabisa. Mtafute aliyesaidia kumbeba. Huyo ni shahidi wa thamani, na polisi mara nyingi hawamwandiki.

Pombe si kinga, ila mahakama huiangalia inapopima nia. Uliza alikunywa nini, tangu saa ngapi.

Ugonjwa wa akili una mtego wake. Sheria humhesabu kila mtu kuwa timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha hilo ni wa mshtakiwa, japo mwepesi kuliko wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Utetezi huu huibuliwa anaposomewa shtaka, wala usingoje hoja za mwisho. Akishapelekwa Isanga, taasisi ya afya ya akili iliyoko Dodoma, kuchunguzwa, swali linabaki hali yake wakati wa tukio, na mteja aliyekaa mahabusu muda mrefu anaweza kuzungumza nawe vizuri tu. Nenda kwa mama yake. Muulize wiki ile mwanawe alilala wapi, alikuwa anaongea na nani, kama walimpeleka kwa mganga. Usimuulize mbele ya majirani, maana familia nyingi huyaficha haya kwa aibu.