Ukitaka kuzielewa homoni za figo, fuata milango

Nilianguka mtihani wa fiziolojia ya figo nikiwa nimekariri jedwali zima: homoni kushoto, "huongeza" au "hupunguza" kulia. Swali lililonimaliza lilikuwa fupi. Kwa nini homoni ya parathairoidi, itokayo kwenye tezi ndogo za shingoni, ibakize kalsiamu, halafu papo hapo imwage fosfati? Jedwali langu lilijua kwamba inafanya hivyo. Sababu halikuwa nayo.

Aliyenikwamua ni mwanafunzi mwenzangu. Alichora seli moja tu ya mrija wa figo, ule unaopitisha mkojo unaotengenezwa, huku mkojo, huku damu, akaniuliza: "Mlango uko wapi?" Tangu hapo sisomi homoni yoyote ya figo bila kalamu mkononi, na wewe nakushauri hivyo hivyo.

Anza na seli ya mwanzo wa mrija. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, ilhali mkojo ni lita moja au mbili tu. Karibu theluthi mbili ya maji hurudi damuni hapo hapo mwanzoni, na usitafute pampu ya maji, haipo. Sodiamu inapita, maji yanaifuata. Fosfati nayo inadandia sodiamu, hasa kupitia mlango wa protini uitwao NaPi-IIa, ulio upande wa mkojo. Homoni ya parathairoidi ikifika, mlango huo unavutwa ndani ya seli na kusagwa kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea taka za seli. Fosfati inakosa pa kuingilia, inakwenda na mkojo.

Sasa jibu la mtihani wangu. Homoni hiyo huchota kalsiamu mifupani, na mfupa ukimeng'enywa hutoa vyote viwili. Fosfati ikirundikana damuni itaikamata ile kalsiamu, kazi iwe bure. Basi itolewe.

Homoni nyingine, FGF23, inayotoka mifupani, hupunguza milango hiyo hiyo kwa msaada wa protini ya Klotho. Zinapoachana ni kwenye vitamini D: parathairoidi huiamuru figo iiamshe, FGF23 huizuia. Wengi hujikwaa hapo, kwa hiyo weka alama nyekundu.

Kisha hamia mwisho wa mrija, kwenye vasopresini, homoni inayoifanya figo ibakize maji. Milango ya maji, akwaporini-2, hukaa ndani ya seli kwenye vifuko. Homoni ikija, milango inapachikwa upande wa mkojo; homoni ikiondoka, milango inarudishwa ndani na mingi hutumika tena. Peter Agre alipata Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kugundua akwaporini, nami nilikuwa nimezipa mstari mmoja tu! Ninaowafundisha huwaambia: mlango wa maji hukunjwa kama mkeka, wa fosfati huchanjwa kuni. Ndiyo maana ule wa maji hurudi upesi, na ule wa fosfati hungoja seli iunde protini mpya.

Homoni ya aldosteroni sitaichambua leo. Mlango wake ni wa sodiamu, nao uko mwishoni mwa mrija.

Ukishaielewa seli moja, jaribu figo inayochoka. Nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo pamoja na mirija yake, zinapungua, lakini fosfati kwenye kipimo cha damu bado ni ya kawaida. Futa nusu ya nefroni ulizochora, kisha jiulize zilizobaki zinamwagaje mzigo ule ule. Utaiona FGF23 ikipanda mapema, kabla fosfati yenyewe haijapanda.