Windows kuchapa ←[31m badala ya rangi nyekundu

Kaka, programu yako ya mizani ya samaki hapo Mwaloni Kirumba haina kosa. Terminali ya Linux inajua ←[31m (hiyo ← ni herufi ya ESC, yaani \x1b) ni amri ya rangi, konsoli ya Windows huichapa kama maandishi mpaka uiruhusu. Mwanzoni kabisa, ndani ya #ifdef _WIN32 (sehemu ya msimbo wa C inayotumika kwenye Windows tu), ita GetStdHandle(-11) upate pato la konsoli, soma hali yake kwa GetConsoleMode, ongezea 0x0004 (ruhusa ya amri hizo za rangi) kwa alama ya | (usifute iliyokuwepo!), kisha SetConsoleMode. Ikirudisha sifuri, mfano kwenye Windows 7, chapa bila rangi, basi. Pima pia kwa isatty (Windows ni _isatty) kama pato linaenda kwenye skrini, la sivyo ukielekeza ripoti kwenye faili, takataka zilezile zitajaa humo. Unapotoka chapa \x1b[0m (hurudisha rangi ya kawaida), ndipo urudishe hali ya mwanzo.