Kupanga reli ya modeli ya TAZARA: anza na mzigo, michoro ya reli ifuate baadaye

Wadau habari zenu. Hii naandika kwa yeyote hapa Dar mwenye wazo la kutengeneza reli ya modeli, zile treni ndogo za mezani, na anataka iwe ya kwetu kabisa sio ya Ujerumani au Marekani kama zinavyokuja kwenye maboksi. Mi nilichagua TAZARA upande wa mizigo, na kwa nilivyopitia huo mchakato wa kupanga naona kuna vitu mtu akivijua mapema anaokoa hela na muda mwingi, na kikubwa kuliko vyote ni hiki: kabla hujachora hata mstari mmoja jiulize mzigo gani unatoka wapi, unaenda wapi, na ukifika hapo mezani kwako unafanyiwa nini.

TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Ukiipunguza mara 120, ambayo ndo skeli ninayotumia, bado inabaki kilomita 15 na nusu, yaani uanzie Posta uitandike Nyerere Road yote, uupite uwanja wa ndege na reli bado haijaisha. Kwahiyo hakuna anayejenga njia nzima, lazima uchague sehemu moja, na hapo ndo wengi wanavutwa na picha. Kila mtu anataka kipande cha Mlimba hadi Makambako, mahandaki, milima, daraja la mto Mpanga lenye nguzo ndefu zile. Ni kipande kizuri sana, wale vijana wa Kitanzania, Kizambia na Kichina waliojenga kati ya 1970 na 1975 walifanya kazi ya kutisha pale na mimi nawaheshimu mno. Lakini hebu piga hesabu. Daraja la kimo cha mita 50 kwa skeli hiyo linakuwa sentimita 42, hilo linawezekana. Tatizo ni mlima wenyewe, treni inapanda zaidi ya mita elfu moja mpaka kufika Makambako, mezani hiyo ni zaidi ya mita nane kwenda juu, inatoboa dari na ya jirani wa juu. Na mwinuko wa reli ukiuweka asilimia 2 unahitaji mita tano za njia ili upande sentimita kumi tu. Halafu hata ukiweza, treni inafanya nini pale? Inapita. Ukishaiangalia ikipita jioni mbili tatu umemaliza.

Ndo maana nawashauri watu waangalie Kidatu.

Kidatu ndo mahali reli mbili za nchi yetu zinakutana bila kuungana. TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, reli ya zamani ya TRC ina milimita 1,000 na tawi lake kutoka Kilosa linaishia hapo hapo Kidatu (SGR tuiache pembeni, hiyo ni 1,435). Tofauti ni milimita 67 tu, lakini inatosha behewa la huku lisiingie kule, kwahiyo mwaka 1998 ikawekwa stesheni ya kuhamishia mizigo, unashusha huku unapakia kule. Sasa kwa mtu wa modeli hapo ni dhahabu tupu, maana kila behewa linalofika lina sababu ya kufika na lina kazi inayolisubiri. Treni ya TAZARA inaingia, inakata mabehewa mawili matatu, inayasukuma kwenye njia ya kupakulia, inachukua yaliyo tayari, inaondoka. Upande wa pili kichwa cha TRC kinafanya hivyohivyo kwa mzigo uleule. Na katikati ya hayo yote treni ya shaba kutoka Zambia inataka kupita kwenda bandarini Dar na wewe lazima uisafishie njia. Hiyo kazi haichoshi.

Tuje kwenye skeli, hapa naomba usome taratibu maana ndo hela inapopotelea. Reli za modeli zinazopatikana kirahisi duniani ni za upana wa milimita 16.5 na milimita 9. Ukichukua ile ya 16.5 ukaweka juu yake treni ya skeli ya 1:87, ambayo ndo imejaa madukani, upana huo ukiuzidisha mara 87 unapata kama milimita 1,435, hapo umetengeneza SGR bila kukusudia, na mtu anayeijua TAZARA ataona tu kwamba treni imekaa kwenye reli pana. Kuna watu ambao nao wanatengeneza reli za 1,067 kama ya TAZARA, wanatumia hiyo 16.5 ila treni wanazitengeneza kwa 1:64, inakaa sawasawa kabisa lakini kila kitu kinakuwa kikubwa. Wapo watu wa New Zealand, nao reli yao ni 1,067, wanatumia reli ya milimita 9 na treni za 1:120, na mi nimewafuata hao. Gawanya mwenyewe, 1,067 kwa 120 ni 8.9. Safi. Halafu utamu unakuja kwenye reli ya TRC, 1,000 kwa 120 ni 8.3, yaani tofauti ya reli zote mbili mezani ni kama nusu milimita, jicho haliioni, kwahiyo unatumia reli aina moja pande zote na pointi (pale treni inapohama njia moja kwenda nyingine) aina moja. Ila usije ukaziunganisha! Hata kipande cha sentimita tano cha kuunganisha kwa ajili ya urahisi wa kusafisha usikiweke, kwasababu Kidatu yote maana yake ni kwamba hazijaungana.

Kuhusu ukubwa, wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kupanga, chumba na sebule, kwahiyo usipange meza ya kujaza chumba. Panga rafu ya ukutani, mita tatu kwa sentimita 45 hivi, iwe vipande vitatu vya mita moja moja vinavyofungwa kwa boliti, ili siku ukihama inaingia kwenye kirikuu pamoja na makochi. Urefu wa treni ndo unaoamua kila kitu, uamue kabla ya yote. Behewa la mita 14 linakuwa karibu sentimita 12, kichwa cha mita 17 kinakuwa 14, kwahiyo treni ya mabehewa manane na kichwa chake inakula mita 1.1, basi njia yako ya kupishania isipungue mita 1.2 kutoka pointi hadi pointi. Yadi halisi ya nusu kilomita ingekula zaidi ya mita nne, lazima ubane, na kubana sio dhambi ilimradi mpangilio wa njia ubaki uleule, ipi inatangulia ipi inafuata. Pembeni mbili weka ubao wa kuchomoa ambao ndo "Dar" na "Zambia", treni zinajificha huko. Kama kuna kona ndani ya rafu basi nusu kipenyo chake kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, kwa hapa ni sentimita 36, chini ya hapo mabehewa yanaanza kuvutana na kuanguka.

Mandhari Kidatu inakupa bure. Milima ya Udzungwa iko magharibi ya reli, imesimama kama ukuta, na upande wa pili ni bonde na mashamba ya miwa ya Kilombero. Kwahiyo mtazamaji mweke mashariki akiangalia magharibi, milima unaichora kwenye ubao wa nyuma, miwa unaiweka mbele kwenye ukingo wa meza. Mkono wa kulia wa mtazamaji ndo treni za Dar na za Kilosa zinakotokea, wa kushoto ni Ifakara, Mlimba na kuendelea mpaka Zambia. Ukigeuza huu mwelekeo milima inakuja mbele inakuziba.

Kipindi nacho uchague na ukiheshimu. Kwakuwa kuhamisha mizigo pale kumeanza 1998, vile vichwa vya Kichina vya mwanzo vya miaka ya 70 sio vya kutawala meza yako, vichwa vya kazi vya TAZARA hapo ni U30C vilivyokuja miaka ya 80, na upande wa TRC zile klasi 88. Modeli za vichwa hivyo zilizokamilika usitegemee kuzikuta dukani, unanunua chasi ya milimita 9 yenye mota nzuri, za Kijapani kama Kato zinatembea taratibu na vizuri, bodi unatengeneza mwenyewe kwa plastiki ya shiti au unachapisha kwa printa ya 3D. Jambo moja la shaba ambalo wengi hawalijui, shaba ni nzito mno, tani 40 zinakaa kwenye ujazo wa kama mita za ujazo nne na nusu tu, kwahiyo behewa lililobeba mzigo kamili linaonekana kama karibu tupu. Ukilijaza mpaka juu umelikosea.

Kwa utafiti, picha za setilaiti kwenye simu zina rula ya kupimia, pima njia zote kwa mita ugawanye kwa 120. Ukienda stesheni yoyote kupiga picha nenda kwanza kwa stesheni masta, salimia, eleza unachofanya, omba ruhusa, usitoe simu kabla. Na watafute wazee waliostaafu reli, Yombo na Temeke wapo, mpe shikamoo mzee, kaa chini, muulize treni ikiingia alikuwa anaanza kukata behewa lipi. Hakuna ramani itakayokupa hayo.

Hali ya hewa ya Dar usiidharau. Unyevu wa pwani unavimbisha mbao kuliko joto linavyorefusha reli, kwahiyo tumia marine bodi, ipige vanishi pande zote mbili na kwenye makali kabla hujatandika chochote, mafundi wa Keko watakukatia vizuri ukiwapa vipimo vimeandikwa. Reli nunua za nikeli silva, za brasi (shaba ya njano) zile zinapauka haraka na hewa ya chumvi, na uzifute kwa spiriti kabla ya kila kuendesha.

Kila behewa litengenezee kadi yake, limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda njia gani, na kadi ndo iongoze siku yako ya kuendesha. Na kabla hujaagiza hata reli moja nje, chukua maboksi, kata maumbo ya mabehewa na pointi kwa ukubwa wake kamili, yapange kwenye hiyo rafu, uyasukume kwa mkono ukifuata kadi zako kwa wiki nzima. Behewa la boksi likikosa pa kwenda wakati treni ya shaba inasubiri, ongeza njia moja au punguza behewa moja, halafu ndo uandike oda.