Hukumu ilitoka Mwanza, ukoo bado unakaa kikao

SWALI: Shangazi shikamoo. Nasoma sosholojia mwaka wa pili, tumefundishwa Niklas Luhmann, yule Mjerumani anayesema jamii haijengwi na watu bali na mawasiliano. Nikauliza, sasa mwanamke aliyenyimwa shamba yuko wapi hapo? Darasa zima likacheka. Hivi huyu mzee na ufeministi wanaweza kupikwa chungu kimoja? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Marahaba mwanangu, waliocheka hawajakuelewa. Luhmann mwenyewe hakuwa shabiki, 1988 aliandika makala ya kuwachokonoa mafeministi, ila jembe lake linalima, wewe lichukue tu. Anasema kila mfumo una swali lake: sheria inauliza ni halali au si halali, uchumi unauliza umelipa au hujalipa, mengine yote kwao ni kelele za nje.

Sasa mwaka huohuo 1988 huko kwenu Kagera mama mmoja aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, sh 300,000, kwa mtu baki. Mwanaume wa ukoo akaenda mahakamani, maana mila, tena zilizoandikwa kwenye tangazo la serikali la 1963, zilimpa mwanamke kulitumia tu, kuuza hapana. Mahakama ya mwanzo ikamwambia mama arudishe hela, kesi ikapanda weee mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na 1990 Jaji Mwalusanya akasema huo ni ubaguzi, Katiba haiutaki, mauzo ni halali.

Basi sheria imejibu swali lake. Ila ukoo nao una swali lake. Mimi nimehudhuria vikao vya ukoo (kuhudhuria gani, nilikuwa jikoni namenya ndizi), wanaume wako kwenye mabenchi, neno la mwanamke likifika pale limepita kwanza mdomoni kwa kaka yake. Siku moja mzee akauliza, shamba likienda kwa mgeni, kaburi la babu tutalipalilia kwa ruhusa ya nani? Hapo hata ubebe hukumu yenye muhuri haikusaidii, maana haijaulizwa hilo. Wanawake wanaoshinda kesi mahakamani wakarudi kushindwa nyumbani wengi wanakwama hapahapa, na ufeministi wa kubadilisha vifungu peke yake haufiki huko.

Ninapogombana na Luhmann ni pale anaposema mtu ni mazingira tu ya mfumo, yaani yuko nje yake, si sehemu yake. Kamuulize mwalimu wako: mmenya ndizi wa kile kikao, asipomenya, kikao kinakaa saa ngapi?